Nusu ya Buri

Mama alipoolewa Shiomizaki, kaskazini kwenye theluji,
baba yake alimfuatishia samaki kwa treni:
buri mzima, kilo kumi na moja, kalazwa kwenye maranda,
zawadi ya mwaka mpya kwa wakwe.
Kwao Toyama ndiyo desturi:
wakwe hukata, hula nusu, nusu hurudi.
Hakikurudi kitu.
Babu Yonezo alimgeuza kwa ncha ya buti,
akasema, "Sisi huku tunakula samoni,"
na shakwe wakamaliza mazungumzo.

Miaka thelathini na minne mama akapasua samoni,
Septemba hadi Novemba, ghala likinuka chumvi na chuma,
mayai mekundu yakimwagika bakulini
kama shanga zilizokatika uzi.
Kwao hakukutaja tena, ila kwa paka.

Kisha bahari ikaanza kusahau.

Sisemi ilichafuka. Ilikuwa shwari, buluu, yenye adabu,
ila ukitia mkono haukufi ganzi upesi kama zamani.
Mtego wetu mkubwa ukatoa samoni arobaini.
Arobaini! Babu alihesabu mara mbili,
ya pili kwa sauti, kama anayemwita mtu.
Na chini yao, wakitutumua wavu, wakifumua mishono,
migongo ya kijani, ubavuni mstari wa manjano,
tani sita za wageni.

Buri. Jina linaloanza kama buriani.

Tuliwarundika kama tulivyozoea kurundika.
Kufika saa sita nyama imegeuka, kijivu, imelegea,
na mnunuzi akataja bei ya chambo
huku akitazama saa yake.

Siku ya pili mama alivua aproni, akapanda mashua.
Hakuna mwanamke aliyewahi kuipanda.
"Barafu kwanza," alisema, "barafu imtangulie samaki
kama mkeka unavyomtangulia mgeni.
Kisu hapa, nyuma ya shavu, angali hai.
Huyu ana damu moto, hangoji mjadala.
Na matundu ya wavu yapanueni, wadogo wapite;
hao si wetu bado."
Wanaume walitazama buti zao.
Halafu mmoja akaenda kuleta barafu.

Ushirika ukakopa mashine ya barafu.
Familia kumi na moja; nne zilikataa kutia sahihi,
mbili kati ya hizo zimeuza mashua, hatuwaoni tena.
Tetsuya, fundi wa injini, akatia majini boya lenye kipimajoto
linalomwandikia usiku kama mchumba:
kumi na tisa. Ishirini na nusu. Ishirini na moja.
Shuleni mpishi akachoma buri kwa miso,
na mtoto wa darasa la pili akatoa hukumu:
mifupa yake haijifichi.

Hatujaokoka. Wavu mmoja mpya ni deni la miaka saba.
Majira ya kuchipua bado tunaachia vifaranga vya samoni mtoni,
wiki tatu mapema siku hizi, kabla maji ya pwani hayajapata joto.
Tunawahesabu wakienda.

Desemba, babu aliomba buri mnene kuliko wote.
Alimpasua mwenyewe, kichwa hadi mkia, vibaya,
kisu chake bado kinakumbuka samoni.
Nusu akaifunga gazetini,
akamuuliza mama anwani ya kwao.

"Baba amekufa," mama alisema.

"Kaka yako?"

"Yupo. Anasema mwaka huu kule nyavu zinapanda nyepesi."

Babu aliandika polepole, ulimi katikati ya meno,
kisha akamsogezea mama kalamu.
"Ongeza hapo chini," alisema. "Andika: imechelewa."

Mama hakuandika mara moja.
Simu ya Tetsuya ikatetemeka mezani, kando ya maganda ya limau:
nyuzi kumi na mbili.
Desemba.